Mwitaji wa Mlangoni katika Nchi ya Labda

Katika nchi ya Labda watu hawaulizani hali. Mmoja anasema, "Labda leo," mwenzake anaitika, "Labda sasa hivi," kisha kila mtu anashika njia yake. Mimi nilipofika nilisalimiwa hivyo nikajibu, "Salama tu." Wakacheka. Wakajua huyu ni mgeni.

Nilikwenda kumtafuta kaka yangu Luhende. Nieleze kwanza alichopatwa nacho, maana bila hilo haya mengine yataonekana mzaha. Watu wa Labda hawachezi kamari kwa fedha. Fedha wanayo, wananunulia chumvi na sabuni, ila hawaihesabu kuwa ni mali. Wanacheza kwa majina. Kila mtu anaingia na majina yaliyo kinywani mwake: la mama, la mke, la watoto, la jirani wa toka utotoni. Unaliweka jina mezani. Ukishinda, unapewa jina la mtu usiyemjua, linakuwa lako. Ukishindwa, lile uliloweka linakutoka. Mwenye jina hadhuriki, yuko nyumbani kwake anapepeta mchele. Wewe ndiye huna tena la kumwita. Mkikutana unakwama, na taratibu hata sura yake inakuwa kwako kama ya mpita njia.

Mara ya mwisho Luhende alipokuja nyumbani tulikuwa tunarina asali. Alimwita mama "wewe." Akamwita mtoto wake "huyu." Alisimulia habari za meza za huko na wali wa bure, kisha akaondoka tena hata masega hayajakamuliwa. Mama hakugomba. Aliniita jikoni akasema, "Nyamizi, mfuate kaka yako kabla hajaweka la kwake. Akiliweka la kwake, hata tukimwita hatakuwa na la kuitikia."

Basi ndiyo shida iliyonipeleka.

Katikati ya mji wa Labda kuna Jumba. Halina dirisha hata moja. Ndani taa zinawaka mchana kutwa, na wali unapakuliwa bure, na soda, na kuna mtu kazi yake ni kukupa pole ukishindwa. Zamani, niliambiwa, mchezaji alitakiwa kusimama na kulitamka jina kwa sauti kabla ya kuliweka. Mgawaji wa vigae vya mchezo naye alilirudia kwa sauti, meza nzima isikie: "Anaweka Mama Kashindye!" Wengi walipolisikia jina la mama yao linatangazwa namna ile, walilirudisha mdomoni, wakaenda zao.

Hapo ndipo Jumba lilipopata mpinzani. Alikuja mwanamke mmoja, Bi Wepesi, na vioo vidogo vya kushika kiganjani. Kwenye kioo husemi kitu. Jina linajitokeza lenyewe linametameta, unaligusa kwa dole gumba, limekwenda. Unaweza kucheza umelala, unaweza kucheza msibani ukiwa umefunika kiganja kwa kitambaa. Jumba likaanza kukimbiwa. Bwana Kitasa, mwenye Jumba, akaona ajitahidi: akaruhusu wachezaji wanong'one badala ya kutamka, akaongeza nyama kwenye wali.

Kitu kimoja tu Jumba lilikuwa halijakigusa, nacho ni Sheria ya Mlango. Jumba lina mlango, na penye mlango mtu anaweza kusimama. Sheria ilisema hivi: ndugu wa mchezaji akifika mlangoni, Mwitaji ataliita jina la huyo mchezaji mara tatu. Akiitika, mchezo wake unavunjika pale pale, na atamfuata aliyemtaka mpaka mpakani, apende asipende. Ndiyo maana nilikwenda Jumbani na si kwingine.

Mwitaji alikuwa mama wa makamo, Bi Tamimu, mwenye kifua kipana na sauti ya kufika kisima cha mbali. Nilimpa shikamoo, akaitikia, akaonekana ameifurahia.

"Marahaba, binti. Ni muda sijaisikia hiyo. Umemfuata nani?"

"Kaka yangu, mama. Luhende."

"Kaa benchini. Watu ni wengi, na leo kuna mkutano."

Nikakaa. Benchi la wanaongoja ni refu, linazunguka hadi kona. Sikuwa na la kufanya ila kutazama, na kutazama sichoki. Nikaona kijana wa Jumba anapita na sinia. Kwenye sinia hakuna chai. Kuna vioo.

"Cha kujiburudishia, dada, wakati unangoja. Bure."

"Asante, sina haja."

"Kila mtu anacho."

"Naona."

Kweli kila mtu alikuwa nacho. Jumba lilikuwa limenunua vioo kwa Bi Wepesi ili watu wa benchini wasichoke. Pembeni yangu alikaa mwanamke aliyevaa kitenge cha maua ya njano. Alikuja kumtoa mumewe, fundi mwashi. Mwanzoni alinieleza habari za mume huyo vizuri kabisa, jinsi anavyopenda mlenda, jinsi anavyokoroma. Baadaye akanyamaza, dole gumba likawa linakwenda. Nikamgusa bega.

"Dada, weka hicho chini. Zamu yako inakaribia."

"Nacheza majina ya majirani tu," akasema, macho hakuinua. "Majirani wenyewe wambeya."

Zamu yake ikafika. Bi Tamimu akamwinamia. "Nimwite nani, mama?"

Yule mwanamke akafungua kinywa. Akakifumba. Akatazama kioo, akatazama mlango, akasema, "Yule… fundi. Mrefu. Anapenda mlenda."

"Jina, mama."

"Lilikuwa hapa sasa hivi."

Bi Tamimu akamtazama kwa huruma, akasema "Anayefuata." Sheria haimruhusu kuita mtu kwa urefu wake. Mwanamke yule hakulia. Alirudi kukaa mwisho wa benchi, akainamia kioo tena, na alipoulizwa anafanya nini akasema analitafuta jina la mume wake, lazima litarudi, labda leo.

Hapo nikaikalia mikono yangu, kila mmoja chini ya paja, ili yule wa sinia akipita nisiwe na cha kupokelea.

Kabla zamu yangu haijafika, Baraza la Uwiano likaja. Ndilo linaloamua ugomvi wa wafanyabiashara wa Labda. Liliweka viti palepale mlangoni, maana mlango ndio ulioshtakiwa. Mwenyekiti aliitwa Mheshimiwa Mizani, mtu msafi, kila mara akiweka miwani upande wa kulia anaihamishia kushoto, ili upande wowote usionewe.

Bwana Kitasa alisema wa kwanza. "Waheshimiwa, mimi nina gharama. Nina taa, nina wali, nina wapishi. Na nina mlango! Mlango huu unanitolea wachezaji katikati ya mchezo. Mwenzangu hana mlango. Mtu akiwa kwenye kioo chake mama mzazi ataita mpaka koo likauke. Huo ni ushindani gani?"

Watu wa benchini wakainua vichwa kidogo.

"Halafu," akaendelea, "sisi tuna utu. Mtu akipoteza jina kwetu anapewa pole, anapewa soda. Kwake anapewa nini?"

Bi Wepesi akainuka. Alikuwa na sauti laini, ya mtu anayebembeleza mtoto. "Waheshimiwa, Bwana Kitasa amelia sana, naomba mtu ampe soda." Watu wakacheka. "Mimi nauliza: mgonjwa asiyeweza kutembea, mzazi mwenye kichanga, mzee mwenye miguu mibovu, hawa Jumba liliwabagua miaka yote. Nani aliwakumbuka? Mimi. Nimewafuata vitandani mwao. Kama huo si utu, sijui utu ni nini."

Mheshimiwa Mizani akahamisha miwani. "Kwa hiyo shida ni kwamba mmoja ana Mwitaji na mwingine hana."

"Ndiyo," wakasema wote wawili.

Nikashindwa kukaa kimya. Nikainua mkono kama darasani. "Samahani, mheshimiwa. Si bora basi na vioo viwekewe Mwitaji?"

Wakanitazama. Bi Wepesi akatabasamu kama aliyekuwa analingoja hilo. "Binti amesema vizuri sana. Niko tayari. Kila kioo nitakitia picha ya Mwitaji, pembeni kule chini. Atakuwa anaita."

"Atakuwa na sauti?" akauliza Bi Tamimu kutoka mlangoni.

"Atakuwa na mdomo," akasema Bi Wepesi. "Sauti inasumbua watu waliolala. Na mchezaji akimchoka, anamsukuma kwa kidole."

Bwana Kitasa akaruka. "Kama wa kwake hana sauti, wa kwangu atakuwaje na sauti? Nitakuwa nimeonewa tena!"

Baraza likainamiana vichwa. Nilisikia mjumbe mmoja, mzee mwembamba, akiuliza, "Na wanaopotea humo ndani?" Mheshimiwa Mizani akamjibu kwa upole, "Ndugu mjumbe, sisi hatukutumwa kuangalia nani anapotea. Tumetumwa kuangalia kama wanapotea kwa usawa."

Uamuzi ukasomwa. Vioo vyote vitatiwa Mwitaji mwenye mdomo. Na Mwitaji wa Jumba, kuanzia ngoma itakapolia kufunga kikao, ataita kwa mdomo tu, bila sauti. Pande zote mbili zikapiga makofi. Na wa benchini walipiga makofi, sijui kwa nini, nadhani kwa kuwa wengine walipiga.

Mimi ndiye niliyeinua mkono. Nilikuwa nimebakisha watu wawili mbele yangu.

Mpiga ngoma akaanza kuikaza ngozi ya ngoma yake kwenye jua. Wa kwanza mbele yangu alikuwa mzee anamwita binti yake. Binti aliitwa, akaitika, akatoka analia, wakaondoka wameshikana mikono. Wa pili alikuwa amesinzia na kioo chake. Nikamruka. Nasema ukweli, sikumwamsha.

"Luhende," nikamwambia Bi Tamimu. "Haraka, mama, nakuomba."

Akavuta pumzi. "Luhendeee!"

Vigae vinagongana ndani.

"Luhendeee!"

Mpiga ngoma akajaribu ngozi kwa kidole. Bado. Akaigeuza.

"Luhendeeee!"

"Naam!" ikatoka sauti ndani. "Naam! Naam! Nani ananiita? Jamani, nani ananiita?"

Kisha akatokea mlangoni mtu mpana, kanzu inang'aa, ana umri wa baba yangu. Midomo yake ilikuwa inachezacheza. Matajiri wa Labda utawajua hivyo, muda wote wanayapitia majina yao kimoyomoyo yasije yakawapotea.

"Wewe si Luhende," nikasema.

"Ndiye! Nimelipata leo asubuhi kwenye kioo, kabla sijaingia kula wali. Jina zuri, linajaa mdomoni." Alikuwa anatabasamu hadi magego. "Ni wewe uliyeniita?"

Ngoma ikalia.

Nikamgeukia Bi Tamimu. Alikuwa ameshafungua kinywa kumwita mtu mwingine. Midomo ilikwenda, shingo ilijaa mishipa, sauti haikutoka. Akanionyesha kwa mkono tu: huyu ameitika, sheria ni sheria, chukua mtu wako.

Kwa hiyo nilikuwa na jina la kaka yangu limesimama mbele yangu na kanzu. Kaka mwenyewe sina.

"Baba," nikamwambia yule mtu, "aliyekuwa na jina hilo asubuhi yuko wapi?"

"Kwenye kioo humwoni mwenzako. Lakini wa vioo wengi wanakaa nyuma hapo, ukutani. Pana kivuli."

Tukazunguka, yeye ananifuata kwa sababu sheria inamtaka. Nyuma ya Jumba palikuwa na ukuta mrefu, na watu wameuegemea safu nzima, vichwa chini, kimya kama darasa la mtihani. Walikuwa wamekalia mito. Mito ina chapa ya Jumba. Bwana Kitasa anawakodishia. Siku zote hizo kaka yangu alikuwa ameegemea jengo ambalo mimi nilikuwa naliogopa, likimkinga jua, wala hakuwa ndani yake.

Nilimjua kwa visigino. Amekonda, ndevu zimemjaa. Nikachuchumaa mbele yake.

"Kaka."

Akainua macho. "Labda leo," akasema, kama anavyosema na yeyote, akayashusha.

Nikaona kioo chake. Limebaki jina moja linametameta. Pembeni chini picha ndogo ya Mwitaji ilikuwa imeshawekwa, inafungua mdomo na kufumba. Akaisukuma kwa kidole kama anafukuza nzi. Na jina lililobaki lilikuwa la kwangu.

"Hilo ni la nani?" nikauliza.

"La mwanamke. Sikumbuki vizuri." Dole gumba lilikuwa juu yake, halijagusa. "La mwisho hili. Nikiliweka hili naweza kuyarudisha yote. La mama, la mtoto, la kwangu mwenyewe. Yote kwa mkupuo."

Ningemshika mkono, angeuchomoa na kugusa. Ningepiga kelele, angegusa kwa kushtuka. Mtu anayetembea juu ya kingo humpigii kelele. Nikasema polepole, kama tunapanga habari za kuteka maji.

"Sikuzuii. Ila huko Jumbani zamani walikuwa wanalitamka kwanza. Litamke, halafu gusa."

"Huku hatutamki. Unagusa tu."

"Unaogopa litakupunguzia bahati?"

"Hapana."

"Basi litamke. Mara moja tu."

Yule mtu wa kanzu alikuwa amesimama nyuma yangu, na nikagundua midomo yake imeacha kucheza. Kaka akafungua kinywa. Sauti ilitoka ina kutu, ya mtu ambaye hajasema na mtu kwa muda.

"Nya… Nyamizi."

"Abee, kaka."

Akanitazama. Dole gumba likabaki juu ya kioo.

"Nyamizi?"

"Abee."

"Nyamizi, wewe umefikaje huku?" Akageuza kioo kikatazama chini mchangani, taratibu, kama mtu anayeweka sufuria ya moto. "Umekuja na nani?"

"Nimekuja na jina lako," nikasema, nikamwonyesha yule mtu.

Kutoka hapo mpaka mpakani hatukusimama. Mimi mbele, kaka amenishika ncha ya kanga, yule mtu nyuma. Kila baada ya muda kaka aliita "Nyamizi," nami nikaitika, hata alipokuwa hana la kusema. Mkono wake wa pili ulikuwa unatafuta kitu kiganjani, dole linapapasa hewa. Niliogopa mkono huo kuliko askari.

Mpaka wa Labda ni kamba tu, na askari mmoja anayekula karanga. Jina haliruhusiwi kutolewa bure ndani ya Labda, linachezwa tu. Ukimpa mtu jina bila mchezo umehujumu uchumi. Mimi na kaka tukavuka. Yule mtu akabaki upande wake.

"Umefikisha," askari akamwambia. "Sheria imetimia, rudi."

Nilimtazama yule mtu. Sikumwomba. Sikujua hata ningeombaje.

Hakurudi. "Tangu nilipoingia Labda," akasema, "hakuna aliyewahi kufika mlangoni kuniita. Leo nimeitwa mara tatu. Najua halikuwa langu. Lakini niliitika kwa furaha kweli."

Kisha akainama, akapitisha kichwa juu ya kamba, mwili umebaki Labda.

"Kichwa kimevuka!" akapiga kelele askari, karanga zikamwagika. "Bwana! Kichwa kimevuka!"

"Luhende," akasema yule mtu, akimtazama kaka yangu usoni.

Mabega ya kaka yakashuka.

"Naam," akasema. Akaketi chini, akajifunika uso.

Yule mtu alirudisha kichwa, amefurahi na amepungua. Nikamwambia, "Baba, vuka na wewe. La kwako la kuzaliwa ni lipi?"

"Lipo huko. Analo mtu."

"Vuka tu. Nyumbani tutakupa jingine. Mama yangu ni hodari wa majina."

Akafikiri kweli, nilimwona. Mguu mmoja ulisogea. Lakini mkono ukaingia kwenye kanzu, ukatoka na kioo, na mwanga wake ukampiga kidevuni.

"Nikivuka nitakuwa nimeliacha. Na leo mkono wangu ni mzuri, umeona mwenyewe." Midomo ikaanza kucheza tena. "Labda leo, binti."

Akageuka, akaanza kurudi, kichwa kimeinama kwenye kiganja. Nikasogea hadi kwenye kamba nimwite. Nikafungua kinywa. Shingo ikajaa, midomo ikawa tayari, na hakikutoka kitu, kwa sababu sikuwa na la kumwita.